Nyekundu Isiyowaka

Kazi yangu ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Dakika nina hakika nazo. Baba Mkubwa huitundika saa yake ya mkono kwenye msumari ili isiingie grisi, nami nilikuwa nimeikazia macho hiyo saa kwa sababu kibandani kulikuwa na wateja watatu na sikutaka kumtazama mtu usoni. Nilikuwa kidato cha kwanza, nina miaka kumi na minne. Mama alikuwa amenituma nimpelekee kaka yake baba chakula kwenye kibanda chake cha baiskeli, hapa Korogwe, pale barabara ya kutoka Handeni inapoingia kwenye lami.

Baba Mkubwa alikuwa anahangaika na taa ya mbele. Nati ndogo ilikuwa imedondokea ndani ya ganda, nyuma ya globu, na vidole vyake vinene kama mihogo haviingii. Akaniona. "Mwanaidi, lete mkono." Nikaweka bakuli chini, nikaingiza vidole viwili, nikaitoa. Akazungusha gurudumu, dainamo ikalia, taa ikawaka. Akanitazama kama mtu aliyeokota spana barabarani.

"Kesho ukitoka madrasa, pitia hapa," akasema.

Nikapitia miaka minne.

Sasa nimestaafu. Hadija, mdogo wangu, najua utacheka, maana Baba Mkubwa, baba yako, ana miaka hamsini na kitu na bado anapiga pampu. Lakini mtu aliyeambiwa "usirudi hapa" na mwenye kazi, amestaafu, hata kama ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Nakuandikia wewe kwa sababu kile kigoda changu cha kibandani umekirithi wewe, na baada yako kitakaliwa na mwingine. Usome yote. Nimeandika nikiwa na hasira na sikuisubiri ipoe.

Mwanzo nilipewa taa tu. Mambo ya rimu, spoku na gololi alikuwa anafanya mwenyewe. Mimi dainamo, waya, globu, na kile kioo chekundu cha nyuma ambacho wateja wote wanakiita rifleta. Nilikuwa siongei. Mteja akija namtazama gurudumu, si uso, na mpaka leo ukinionyesha tairi nitakwambia ni la nani, ila mwenyewe nikikutana naye sokoni simjui. Wakaniita Bubu. "Fundi, huyu Bubu wako anaweza kweli?" Baba Mkubwa anajibu bila kuinua kichwa, "Bubu ni mdomo. Macho yake yanasema." Nilikuwa nafurahi akisema hivyo. Leo sifurahi, maana macho yangu yaliona, na hayakusema kitu.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni chumba cha giza. Kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha, ambacho leo wewe unakijua kama stoo tu. Baiskeli ikishatengenezwa haikuwa inatoka kibandani kabla haijapita mle. Tunaiingiza, tunaisimamisha ukutani ikiwa imegeuza mgongo, tunamwita mwenyewe asimame mlangoni na tochi. Lazima tochi uiweke hapa, kwenye sikio, sambamba na jicho. Ukiishika kiunoni hutaona kitu, utadhani rifleta imekufa, kumbe inaurudisha mwanga tumboni kwako. Dereva macho yake yapo juu ya taa zake, kwa hiyo na wewe weka taa karibu na macho. Ukifanya hivyo, rifleta nzima inawaka kama kaa la moto, na mtu mzima mwenye ndevu anashtuka. "Lo! Ndiyo mimi huyo?" Baba Mkubwa anamjibu, "Ndiyo wewe. Hivyo ndivyo lori linavyokuona. Isipowaka hapa, barabarani wewe haupo."

Hakuna aliyeondoka na baiskeli kabla hajaiona kama dereva anavyoiona. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda, na ilikuwa sheria nzuri, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya kwake mwenyewe. Ndiyo maana nina hasira naye kuliko niliyonayo kwa mtu mwingine yeyote, ukiacha mmoja.

Wagumu zaidi walikuwa watu wa mkaa. Wanatoka kule Sindeni na vijiji vya jirani, magunia mawili mpaka matatu kwenye keria, na gunia la chini linaning'inia mpaka karibu na tairi. Unamfungia mtu rifleta safi kwenye madigadi, anakwenda, anapakia, gunia linaifunika yote. Mkaa unapata taa nzuri sana, barabara haipati. Dawa yake tuliipata baada ya kujaribu mengi: kipande cha ubao, rifleta juu yake, unaukaza kwa mipira ya tyubu kuukuu kwenye mgongo wa gunia lenyewe, mwishoni kabisa mwa mzigo. Na kila jioni uifute kwa kidole, maana vumbi la mkaa linaua kioo kuliko matope.

Mzee Semkiwa wa mkaa ndiye aliyenifundisha kosa ambalo sikulijua. Alikuja na gurudumu la mbele limepinda kama kipande cha tango kwenye kachumbari, magoti yamechubuka, anacheka. Alikuwa amekutana na basi uso kwa uso saa moja ya jioni, akajitupa mtaroni.

"Ulikuwa upande gani?" Baba Mkubwa akamuuliza.

"Kulia. Si tulifundishwa na yule askari, tembea kulia uyaone magari usoni?"

"Alikufundisha ukiwa na miguu miwili, Semkiwa. Ukishapanda, una magurudumu. Wewe ni gari."

"Mimi gari? Mbona silipi kodi?"

Watu wakacheka. Lakini niliwatazama wote wa mkaa baada ya pale na wote walikuwa hivyo hivyo. Mlimani wanasukuma, wanatembea kulia, na hapo wako sahihi. Wakifika kileleni wanarukia juu, mteremko unawachukua, na hakuna anayekumbuka kuvuka kwenda kushoto. Wanashuka na magunia matatu wakiwa wanaelekeana na magari. Na mbaya zaidi, kwenye kusukuma dainamo hailii, kwa hiyo taa imezimika. Ukipanda inachukua muda kidogo kushika. Dainamo ni rafiki wa mtu anayekimbia. Ukisimama, inakuacha gizani, hasa hapo unapoihitaji. Kwa hiyo, Hadija, mwambie mteja: panda kushoto, na tochi ya betri iwe mfukoni. Mwambie kwa mdomo. Usifanye kama mimi niliyekuwa nawachorea vishale kwenye makaratasi.

Na Kashu. Kashu ni Mmasai wa kule nyanda za Handeni. Kila alasiri anakusanya maziwa kwenye maboma, anayaleta mjini kwenye madumu manne, anaingia Korogwe giza limeshaanza. Mtu mrefu mpaka akipanda baiskeli magoti yanafika mikononi. Siku ya kwanza kwenye chumba cha giza aliiona rifleta yake inawaka, akasema, "Sasa ng'ombe nao wafungiwe." Baba Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. Kashu akawa mteja wetu. Alikuwa haniiti Bubu. Alikuwa ananiita binti, na akija alikuwa anainama atazame ninachotazama, gurudumu, kisha ananisalimu kama vile gurudumu ndilo limetukutanisha. Rifleta yake ilikuwa ya zamani, ya kioo kizito, imetoka kwenye baiskeli ya enzi zile za kupewa kwa kibali. Nilikuwa naipenda kuliko zote.

Halafu ikaja ruksa ya kila kitu, biashara zikafunguliwa. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Nakumbuka kabla yake mtu alikuwa anazunguka na tairi iliyoshonwa kwa waya kwa sababu madukani hakuna, na Baba Mkubwa alikuwa anatumia globu moja kuwajaribia wateja wote. Sasa vikaja vitu. Baiskeli za mitumba, kengele za kila sauti, viti vyenye manyoya. Akaja pia mfanyabiashara mmoja wa vipuri, simtaji, nyote mnamjua, mwenye kofia safi na kalamu mbili mfukoni. Akakubaliana na Baba Mkubwa amwekee mali kibandani, auze huku anafunga. Mali ikaja kwa makatoni. Makatoni yakahitaji mahali pakavu penye kufuli.

Mahali pakavu penye kufuli palikuwa pamoja tu.

Chumba cha giza kikajaa mpaka dari. "Ni kwa wiki mbili," Baba Mkubwa alisema. Hakikufunguliwa tena kwa kazi yake. Wateja nao hawakulalamika, walishukuru kutocheleweshwa. Na kwenye moja ya makatoni yale zilikuwamo rifleta mpya.

Nataka uzijue, kwa sababu bado zipo. Mchana zinapendeza kuliko zile za kioo. Nyekundu ya kung'aa, nyepesi, ina pambo la nyota katikati. Geuza nyuma yake. Rifleta ya kweli, ndani ya kioo, imechongwachongwa vijipembe vidogo vidogo kama masega ya nyuki. Hivyo ndivyo vinavyoushika mwanga na kuurudisha. Hizi nyuma ni laini kama kijiko. Ni plastiki nyekundu tu. Nilikwenda na moja nyumbani, usiku nikaiweka kwenye ukuta wa choo, nikarudi hatua ishirini, tochi kwenye sikio. Hakuna. Nikasogea hatua kumi. Hakuna. Nikasogea mpaka karibu niiguse, ndipo nikaona kitu chekundu, kama unavyoweza kuona ndoo nyekundu.

Sikuweza kumwambia. Nililala nikipanga maneno, asubuhi yakaisha mdomoni. Kwa hiyo niliandika. Nilichana karatasi ya daftari la fizikia, nikaandika vizuri kabisa: "Shikamoo Baba Mkubwa. Rifleta mpya haziwaki. Nimepima kwa tochi. Naomba tufungue chumba tuwaonyeshe." Nikaiweka chini ya kopo la gundi. Akaisoma wateja wakiwapo. Akaikunja, akaifutia mikono.

"Mambo ya shule hayo," akasema, kwa upole, hiyo ndiyo inaniuma, kwa upole kabisa. "Watu wanataka nyekundu, Mwanaidi. Tunawapa nyekundu."

Nikaendelea kuzifunga. Mimi. Kwa spana namba kumi na vidole hivi hivi alivyovisifu. Nilizifunga kwa watu wa mkaa, kwa walimu, kwa mama mmoja wa Mnyuzi anayeuza vitambaa. Nikajisemea labda hawatembei sana usiku. Nikajisemea mimi mtoto. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Kashu alikuja wiki ile tuliyomaliza mtihani wa mwisho. Dumu lilikuwa limegonga rifleta yake ya kioo, imepasuka vipande vitatu. Baba Mkubwa akanitupia ile ya nyota. Nikaifunga. Nilikuwa nimechuchumaa, sioni zaidi ya kandambili zake za tairi. Akainama kama kawaida yake, akaigusa kwa kidole, akaipiga kidogo, ikatoa mlio wa kitu chepesi.

"Binti," akasema. "Hiki kinawaka kama kile?"

Hakumuuliza Baba Mkubwa. Aliniuliza mimi.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikusema ndiyo. Nimejitetea hivyo siku nyingi, kwamba sikusema. Ni upuuzi. Kichwa kilisema.

Siku nne baadaye, Jumatano, giza ndiyo linaingia, lori lilimgonga kwa nyuma kabla ya daraja lililo karibu na kibanda. Alikuwa kushoto. Taa ya mbele ilikuwa inawaka, niliitengeneza mimi, inawaka vizuri, kwa faida ya watu walio mbele yake. Tulisikia kelele, tukakimbia na watu wengine. Maziwa yalikuwa yameenea kwenye lami meupe kabisa, ndicho kitu pekee kilichoonekana vizuri jioni ile. Kashu alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la kwenda hospitali. Dereva wa lori alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake, kijana tu. "Sikuona kitu, jamani. Naapa. Hakukuwa na kitu kinachowaka. Kama kingewaka ningekwepa."

Mimi nilimwamini. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kwamba anasema kweli.

Na wenzangu walikuwa wanasema nini? "Hawa Wamasai barabara hawaijui." "Shuka lenyewe jeusi, usiku mweusi, unategemea nini?" Mtu aliyeendesha njia ile kila siku kwa miaka, aliyekuwa anakaa kushoto kuliko nyinyi wote, leo haijui barabara. Nikamgeukia Baba Mkubwa nikitegemea atasema kitu. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Alivaa giza, masikini."

Alivaa giza! Giza tulimfungia sisi, kwa spana namba kumi.

Sikulala. Alhamisi nilikwenda hospitali. Kashu alikuwa amelazwa, mguu wa kulia umefungwa ubao mpaka nyonga, uso umevimba upande mmoja. Kando yake alikaa mkewe na kibuyu. Nikasema shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akanitazama.

"Marahaba. Nilikuuliza, binti," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe huongei ovyo."

Mkewe akamuuliza kitu kwa Kimaa, naye akageuza uso ukutani. Sikuambiwa niondoke, lakini niliondoka.

Nilifika kibandani saa nane. Baba Mkubwa alikuwapo, mfanyabiashara wa vipuri alikuwapo na kalamu zake, na wateja watano au sita, kwa sababu Alhamisi ni siku ya watu wa mkaa. Sikumsalimu mtu, Mungu anisamehe. Nilichukua ufunguo kwenye msumari wa saa, nikafungua kufuli, nikaanza kutoa makatoni nje. Moja moja, juani, kwenye vumbi.

"Wewe, vipi?" mfanyabiashara akasema. "Fundi, mtoto wako ana nini?"

"Mwanaidi," Baba Mkubwa akasema. "Acha."

Nikatoa la nne, la tano. Nikavuta baiskeli ya mteja mmoja iliyokuwa na nyota nyuma, nikaiingiza ndani, nikaisimamisha ukutani. Nikampa mwenyewe tochi. Halafu nikasema. Hadija, watakwambia nilipiga kelele, na kweli nilipiga. "Weka kwenye sikio! Umeona nini?"

Yule mtu akaangaza. "Mbona... sioni kitu."

"Sogea!"

"Sioni kitu, binti."

"Hicho ndicho alichoona dereva wa jana. Kashu alikuwa na hiyo hiyo. Nilimfungia mimi, na nilijua!"

Mfanyabiashara akaanza, "Huyu mtoto ananiharibia biashara, hivi vitu vinauzwa nchi nzima—" na Baba Mkubwa akamkatiza, lakini si kwa ajili yangu. Alikuwa ananitazama mimi. "Nani aliyefunga?" akasema. "Nani alikuwa na spana?"

"Mimi."

"Basi ungenyamaza."

"Nimenyamaza miaka minne, Baba Mkubwa. Na wewe ndiye uliyenifundisha chumba hiki."

Aliniangalia kama nimempiga kofi. Nadhani kama wateja wasingekuwapo angekaa chini tu. Lakini walikuwapo. "Toka," akasema. "Usirudi hapa." Nikatoka. Hayo ndiyo mafao yangu, na spana namba kumi na bisibisi, ambazo sikuzirudisha na sizirudishi.

Makatoni najua yamerudishwa chumbani. Umeniambia mwenyewe.

Usiku ule nilichukua mashati yangu mawili ya shule, meupe, ambayo mama alitaka yamngoje mdogo wangu wa nyumbani, nikayachana vipande virefu. Kitambaa cheupe si rifleta, kinashinda giza kidogo tu. Lakini hakidanganyi mtu.

Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, nilikuwa nimeshasimama kwenye njia panda ya Handeni, pale baiskeli zote za mkaa lazima zipite. Baiskeli ya kwanza ilikuja upande wa kulia, mteremko umeishika, tairi la mbele lina kiraka cha buluu nilichokipiga mimi. Nikaingia barabarani, nikainua mkono.

Mzee Semkiwa akafunga breki kwa miguu yote miwili. "He! Bubu! Unataka nikuue?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba... Kumbe unasema?"

"Nasema. Shuka, mzee. Kile kitu chekundu nilichokufungia nyuma hakiwaki. Nilikudanganya. Nakitoa, nakufungia kitambaa cheupe."

Akashuka polepole, akiwa bado ananishangaa. Nikazunguka nyuma ya gunia, nikachuchumaa, nikaishika nati. Nyuma yake zilikuwa zinakuja nyingine nne, na hata kwa mbali magurudumu yote niliyajua.